Umeme wa Paka

Aibu iliyoingia nyumbani kwa Marinalva mwezi ule wa Oktoba ililetwa na paka asiye na mkia wala masharubu. Kilimani Jenipapo kila mtu anamjua paka huyo. Ni waya unaofungwa juu ya nguzo ya barabarani, ukashushwa hadi dirishani kwako, ukakuwashia taa na friji bila mita wala bili. Watu wa Rio wameuita paka tangu zamani, na kule kilimani neno hilo halimshtui mtu. Utamsikia jirani akimwita fundi mchana kweupe, "Njoo unitazamie paka wangu, tangu juzi anachechemea," na fundi anakuja na koleo lake.

Lakini neno lililozoeleka kilimani likishuka kwenye lami, kwa watu wa mitaa ya chini, hubadilika. Taíssa, binti wa Marinalva, alikuwa na miaka tisa na hakuwa amelijua hilo. Alisoma katika shule nzuri ya serikali huko chini, shule ambayo mtoto huingia kwa majina kuchezeshwa bahati nasibu, na darasani mwake walikaa pamoja watoto wa madaktari na watoto wa wauza maji ya nazi. Siku hiyo Mwalimu Ivonete alikuwa amewaambia kwamba Jumamosi ya tarehe ishirini na tano darasa zima, pamoja na wazazi, litakwenda kwenye akwariamu kubwa ya jiji, ile nyumba ya samaki kule bandarini. Oktoba nzima wakazi wa jiji wanaingia bure. Sharti ni moja, kila familia ionyeshe karatasi inayothibitisha mahali inapoishi.

"Bili ya umeme inatosha," mwalimu akasema. "Nani kwao bili ya umeme ina jina la mama, na nani ina jina la baba?"

Taíssa akanyoosha mkono kwa moyo wake wote.

"Mwalimu, kwetu bili haiji. Kwetu umeme ni wa paka."

Darasa lilicheka mpaka mwalimu akapiga meza. Mvulana mmoja wa nyuma, mtoto wa lami, akasema, "Mwalimu, paka asipelekwe kwenye samaki, atawamaliza!" Tangu siku hiyo Taíssa akipita kwenye korido anasikia nyau mbele, nyau nyuma.

* * *

Yalipofika nyumbani, Dona Creusa, bibi yake Taíssa, ndiye aliyecheka wa kwanza. Alicheka mpaka akavua miwani yake minene akajifuta machozi.

"Paka asipelekwe kwenye samaki! Huyo mtoto ana akili. Mwambie bibi yako anamsalimu."

"Mama, si jambo la kucheka," Marinalva akasema. Alikuwa kwenye cherehani, anashona mfuko wa sare ya mtu. Kilimani wote walimwita Nalva. "Wamemdhihaki mwanangu."

"Wamemdhihaki paka. Huyu ni mtoto."

"Wamesema sisi ni wezi."

"Nani kasema wezi? Taíssa, kuna aliyesema wezi?"

"Hapana, Bibi. Walilia nyau tu."

"Unaona? Nyau tu. Na mimi nikiwa mdogo waliniita Kichwa cha Sardini, na nikaolewa vizuri tu."

Nalva akarudi kwenye mshono. Sindano ilikimbia ikapita alama, ikabidi afumue. Yeye alikuwa na ugonjwa ambao mama yake hakuwahi kuugua hata siku moja. Kwenye basi alikuwa akishuka kituo kimoja kabla ya kilima ili abiria wasijue anakoelekea. Kwenye fomu aliandika mtaa wa chini, namba ya duka la dawa. Hakuna aliyemtuma. Aibu aliitengeneza mwenyewe na kuivaa mwenyewe, nayo ilimkaa sawasawa, maana alijua kupima.

Dona Creusa yeye alikuwa ameshafika kwenye samaki.

"Kwa hiyo Jumamosi ya tarehe ishirini na tano," akasema. "Nitavaa gauni la njano."

Hapo hata Nalva akainua kichwa. Dona Creusa alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na moja ng'ambo ya ghuba, kwenye kiwanda cha sardini za makopo, akikata vichwa na kutoa matumbo. Vidole vyake viwili havikunjiki mpaka leo. Jicho la kushoto lilikwisha kuzimwa na presha ya macho, na la kulia lilikuwa linaona kama mtu anayechungulia kwenye mrija. Daktari wa zahanati alisema wazi, mwaka huu ukiisha na hilo litakuwa limekwisha.

"Nimepasua sardini hata hesabu sina," akaendelea. "Na sijamwona hata mmoja akiogelea. Wote walinijia wamekufa, macho yamewatoka, wananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyewavua. Nataka niwaone wakiwa na safari zao. Kabla hili dirisha halijafungwa." Akaligusa jicho lake la kulia.

"Utawaona, mama," Nalva akasema, na alipokuwa akisema alikuwa anamaanisha.

* * *

Kesho yake Dona Creusa alipanda ngazi mia moja na arubaini na mbili hadi ofisi ya chama cha wakazi, juu kabisa. Aliijua idadi yake kwa kuwa siku hizi alizihesabu kwa miguu. Mwenyekiti, Seu Gildásio, alimpa kiti na kahawa, akamwandikia barua ya ukaazi, akagonga mhuri mara mbili maana wa kwanza ulipinda.

Alirudi anahema, ameishika mbele kwa mikono miwili kama sahani ya chakula.

"Haya. Karatasi yenu hiyo. Watatu wote tumo."

Nalva akaisoma kimya. *Chama cha Wakazi wa Kilima cha Jenipapo kinathibitisha kwamba Creusa Bonfim, Marinalva Bonfim na mtoto Taíssa Bonfim ni wakazi halali wa kilima hiki, Ngazi ya Tatu, nyumba isiyo na namba, nyuma ya kinyozi.* Barua itumike ndani ya siku thelathini. Akahisi uso unamwaka. Kila alichokuwa anakificha kwenye mabasi na kwenye fomu kilikuwa hapo kwa wino wa buluu, mpaka kinyozi.

"Inasemaje?" mama yake akauliza. "Nisomee."

"Inasema tunakaa hapa."

"Hiyo tu? Gildásio aliandika muda mrefu hivyo?"

"Ndiyo hiyo, mama. Asante. Umejichosha."

Akaitia kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo na bobini, akasukuma droo kwa goti. Akamwona mama wa yule mvulana wa nyau akiisoma barua ile juu ya bega lake, akaisukuma droo mara ya pili.

* * *

Kila Alhamisi Nalva alikuwa akipiga pasi kwa Dona Heloísa, mjane wa lami aliyekaa ghorofa ya nne, Mtaa wa Visconde de Araripe namba themanini na nane. Alhamisi hiyo alipiga pasi mashuka yote na mapazia ambayo hakuambiwa. Alipomaliza akasimama mlangoni mwa sebule, hakai wala haondoki.

"Sema, binti yangu," Dona Heloísa akasema bila kuacha simu yake. Nalva alikuwa na miaka thelathini na saba.

Akasema. Alisema vibaya, akirudia rudia, kwamba ni kwa ajili ya mtoto, ni karatasi tu ya shule, kwamba Dona Heloísa aandike kuwa wao wanakaa hapa na ampe nakala ya bili ya umeme.

"Lakini nyinyi si mnakaa pale kilimani?"

"Ndiyo, Dona Heloísa."

"Na hakuna karatasi huko?"

Hapo ndipo angeweza kusema ipo. Ipo, mama yangu mzee kaipandia ngazi.

"Hakuna," Nalva akasema.

Dona Heloísa akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Alikuwa mtu wa kanuni.

"Nyinyi wawili tu? Maana siwezi kuandika ukoo mzima unakaa kwangu, jengo lina sheria zake."

Nalva akalitazama zulia. Akaliona gauni la njano.

"Wawili tu," akasema.

Barua ikachapwa, ikatiwa saini, ikafungwa kwenye bahasha pamoja na nakala ya bili. Nalva alishukuru mara tatu. Aliifungua kwenye basi. *Mimi, Heloísa Mattos de Carvalhal, nathibitisha kwamba Marinalva Bonfim na mtoto wake wanaishi katika anwani yangu, kwenye chumba cha msichana wa kazi.*

Akaisoma tena, labda macho yamemdanganya. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Nalva alikuwa ameandikiwa hivyo kwa mashine na kutiwa saini juu.

Chumba cha namna hiyo alikijua. Alipokuwa na miaka kumi na mitano aliwekwa kazini kwa familia moja kwenye mtaa wa Tijuca, akalala kwenye chumba kisicho na dirisha, kitanda kimebanwa kati ya mtungi wa gesi na mafagio. Dona Creusa alikuja kumtembelea Jumapili moja, mikono bado inanuka kiwanda, akafungua ule mlango, akautazama, kisha akamshika binti yake mkono. "Humu ni mahali pa mafagio," alimwambia mwenye nyumba, "na huyu ni mtoto wangu." Wakaondoka bila hata mshahara wa mwezi.

Basi likapita kituo cha kilima, Nalva hajashuka. Ilibidi arudi kwa miguu. Njiani akajiambia kwamba watu hawasomi barua mpaka mwisho, wanatazama saini tu. Akaikunja ili yale maneno yaingie ndani.

* * *

Ikabaki kumwambia mama. Alimwambia Ijumaa, wakichagua maharage, kila mmoja na ungo wake.

"Mama, shule imebadilisha. Wanasema mtu mzima mmoja kwa kila mtoto. Watu ni wengi."

Vidole vya Dona Creusa vikasimama juu ya maharage. Kisha vikaendelea.

"Ah."

"Tutakwenda sisi wawili siku nyingine."

"Siku nyingine," mama yake akasema. Akatupa punje moja iliyooza. Hakusema lile la dirisha kufungwa, na Nalva alitamani angalau angelisema, wapigane.

Uani, Nalva akamshika Taíssa mabega.

"Ukiulizwa kesho, tunakaa wapi?"

"Hapa."

"Hapana. Sikiliza. Mtaa wa Visconde de Araripe, themanini na nane, ghorofa ya nne. Sema."

"Mtaa wa Visconde de Araripe, themanini na nane, ghorofa ya nne. Na bibi anakaa wapi?"

"Bibi hawatamuuliza."

"Lakini wakiuliza?"

"Taíssa, sema tena anwani."

Akasema tena. Akaikariri kama jedwali la saba mara nane, mpaka ikatoka bila yeye kufikiri.

* * *

Asubuhi ya Jumamosi Dona Creusa aliwafungia mkate wenye siagi kwenye kitambaa. Alikuwa amevaa nguo zake za kila siku, lakini nywele alikuwa amezisuka upya na kuzipaka mafuta. Nalva aliziona, akashindwa kuaga vizuri.

Kwenye nyumba ya samaki foleni ilizunguka hadi kivulini. Wazazi wa darasa walisimama pamoja, wamevaa miwani ya jua na viatu vyeupe, wakiongea habari za meno ya watoto. Nalva alikuwa ameshona gauni jipya kwa ajili ya siku hiyo na hakuna aliyelicheka. Kwa dakika kumi hivi alikuwa mzazi kama wazazi wengine, akajisikia vizuri, na nitasema kweli, alimsahau mama yake.

Mbele yao alikuwa mama mmoja mnene mwenye watoto mapacha wa darasa lilelile, mkazi wa kilima kingine cha ng'ambo. Akaitoa karatasi yake kifuani, yenye mhuri wa chama cha wakazi.

"Usiguse sana, kaka, imelowa jasho," akamwambia kijana wa dirishani. Kijana akacheka, akaandika, akampa ukanda wa karatasi wa kuvaa mkononi. Haikuchukua hata nusu dakika.

Nalva akaona jambo hilo kwa macho yake, akajua amefanya nini. Lakini bahasha ilikuwa tayari mkononi na zamu ilikuwa imefika.

Kijana aliikunjua barua yote. Alikuwa mfanyakazi makini, na alisoma kwa sauti huku akiandika kwenye kompyuta, kama wafanyavyo watu waliochoka.

"Visconde de Araripe, themanini na nane... kwenye chumba cha msichana wa kazi." Akainua macho. "Na mtoto pia anaishi kwenye chumba hicho?"

Mazungumzo ya meno yakakatika.

"Mtaa wa Visconde de Araripe, themanini na nane, ghorofa ya nne," Taíssa akasema upesi.

"Mbona nilidhani mnakaa Jenipapo na bibi?" Mwalimu Ivonete akauliza, bila ubaya wowote. "Si ndiye yule bibi wa sardini? Taíssa kamwandikia insha nzima."

Kijana alikuwa bado anatafuta tafuta kwenye bahasha.

"Dada, barua ya mwenye nyumba inakuja na nakala ya kitambulisho chake. Hapa ipo bili tu. Mpigie atume picha, nakusubiri."

Simu ya Nalva ilikuwa imekufa spika ya sikioni. Ilisikika tu ukiifungua kwa sauti ya nje, nayo haikujua kunong'ona. Dona Heloísa alipokea mara ya kwanza.

"Kitambulisho changu? Hapana, binti yangu, kitambulisho sikupi. Barua nimekuandikia kwa huruma. Nikikupa kitambulisho, kesho nitasikia kuna mtu kafungua akaunti kwa jina langu. Sisemi ni wewe. Nyinyi mnakaa huko, mnajua mambo ya huko. Alhamisi usichelewe."

Foleni nzima ilisikia. Mama mmoja mwenye viatu vyeupe akawa mwema, akageuka kutazama bahari, na wema ule ukamuuma Nalva kuliko dharau.

"Huna nyingine?" kijana akauliza taratibu. "Hata barua ya chama cha wakazi, dada. Tangu asubuhi nimepokea kama kumi."

"Sina," Nalva akasema.

Ilikuwa mara ya pili kuikana ile barua, na safari hii hakukuwa na faida yoyote. Mwalimu akasema mtoto angeweza kuingia na darasa, mama asubiri nje. Taíssa akamshika mama yake gauni. Nyuma, chini chini, mtu akalia nyau.

"Nimeacha pasi inawaka," Nalva akasema kwa sauti ya juu, hata hajui anamwambia nani. "Nyumbani. Nimeacha pasi." Akamvuta mtoto, wakatoka kwenye foleni, mkate wao bado umefungwa kwenye kitambaa.

* * *

Walikaa kwenye benchi la bandarini mpaka jua likahama. Kurudi mapema kungezua maswali. Taíssa alikula mkate wake, kisha akala wa mama.

"Mama, chumba cha msichana wa kazi ni kipi?"

"Nyamaza kwanza, mwanangu."

"Bibi angelala wapi humo?"

Nalva akajifuta uso na kitambaa cha mkate. Walipofika chini ya ngazi alisimama.

"Bibi akiuliza, tumeingia. Sawa? Tusimhuzunishe."

Alisema tusimhuzunishe, na neno lilikuwa zuri. Mtoto akaitikia kwa kichwa. Alishafundishwa wiki hiyo, hakuhitaji kukariri.

Dona Creusa alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, uso umeelekea mlangoni. Upande wa pili wa ukuta mashine ya kinyozi ilikuwa ikinguruma, maana Jumamosi kilima chote hunyolewa.

"Njoo," akamwambia mjukuu wake. "Njoo unipe macho yako. Mmeona nini?"

Nalva akabaki mlangoni, mkono kwenye fremu.

"Tumeona papa, Bibi," Taíssa akaanza. "Ana meno hapa na hapa. Tumeona samaki wa buluu, na wa mistari, na kobe mkubwa kama meza."

"Eeh."

"Na kuna njia unapita chini, maji yako juu yako." Hilo alikuwa ameliona kwenye karatasi ya matangazo.

"Eeh. Na sardini?"

Taíssa akamtazama mama yake, kisha akamtazama bibi yake. Akataka kumpa zawadi.

"Sardini tumemwona, Bibi. Mkubwa! Yuko peke yake, kwenye chumba chake cha vioo, amewekewa taa. Anaogelea polepole, anakwenda, anarudi."

"Peke yake?"

"Peke yake. Chumba kizima chake."

Dona Creusa akamvuta karibu. Akapitisha kidole kisichokunjika kwenye mkono wa mtoto, kutoka kiwiko hadi kiganjani, kama aliyekuwa akitafuta mahali pa kuanzia kisu.

"Sardini haogelei peke yake, mwanangu," akasema. "Miaka thelathini na moja, sijapata kumwona aliyekuja peke yake. Wanakuja wavu mzima, mama na watoto na bibi na majirani. Ukimtenga mmoja anakufa siku hiyohiyo. Sardini wa chumba chake mwenyewe hayupo duniani."

Taíssa akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto mdogo zaidi ya umri wake.

"Nani kakufundisha?" bibi akamuuliza, na hakuwa akimtazama yeye.

"Mimi," Nalva akasema kutoka mlangoni. "Hatukuingia, mama. Shule haikusema mtu mmoja. Nilisema mimi. Barua ya Seu Gildásio niliificha, nikaenda kuomba nyingine kwa Dona Heloísa, na ile yako ndiyo ingetuingiza. Nilikuonea aibu. Wewe, na kinyozi, na ngazi, vyote. Dona Heloísa aliandika tunakaa kwenye chumba cha msichana wa kazi. Mimi na Taíssa. Nikaisoma, na bado nikaipeleka."

Alitegemea matusi. Mama yake alijua matusi ya kiwandani, yale ya kusikika juu ya mashine.

"Mlango wa chumba kile niliufungua kwa mkono huu," Dona Creusa akasema. "Nikakutoa. Leo umerudi mwenyewe, kwa miguu yako, na mtoto umembeba."

Nalva akakaa chini, pale pale kwenye kizingiti. Alilia bila kuficha uso, na watu waliopita kwenye ngazi walimwona.

Baada ya muda mrefu akasikia droo ya cherehani ikivutwa. Mama yake alikuwa akipekua kwa vidole, vifungo vinagongana na bobini, mpaka akaipata karatasi.

"Nisomee," akasema. "Yote. Siku ile ulinisomea nusu."

Nalva akainuka, akaipokea. Akasoma jina la mama yake, na lake, na la mtoto. Akasoma *wakazi halali wa kilima hiki*. Kuanzia kwenye nyumba isiyo na namba akashusha sauti.

"Nyuma ya wapi?"

"Nyuma ya kinyozi."

"Inakwisha lini?"

"Siku thelathini. Lakini bure yao inaisha na mwezi. Ijumaa."

"Basi Jumanne. Mtoto atakosa shule siku moja, hatakufa." Dona Creusa akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akaivaa tena, ingawa Nalva hakujua ilimsaidia nini. "Nitavaa gauni la njano. Na pale mlangoni karatasi hii hutampa mtu aisome. Utaisoma wewe, isikike mpaka kwa wa mwisho kwenye foleni. Yanayokufa ni macho, Nalva. Masikio yangu ni mazima, nitakuwa nasikiliza."

"Ndiyo, mama."

"Basi soma tena. Hapo ulikuwa unanong'ona."

Nalva akajikohoza, akaanza upya kutoka kwenye jina la chama. Upande wa pili wa ukuta, kinyozi akazima mashine yake ili asikie.